TIBERIUS GRACCHUS NA WAKULIMA WALIOKWENDA KUVUNA

Kila mwaka, kiangazi kinapoingia katika nchi ya ziwa, wakulima wa Kwimba, Magu, Misungwi na Sengerema huwa hawana nafasi ya jambo lingine isipokuwa pamba. Baba, mama na watoto wote wako shambani, maana pamba iliyokwisha kupasuka haimngoji mtu. Ukiwaita mkutanoni siku hizo, hata uwe mkutano wa manufaa yao wenyewe, watakuja wachache. Machoni pa mtu wa mjini hili ni jambo dogo. Lakini iko habari ya kale, ya nchi iliyo mbali sana nasi, ambamo jambo dogo la namna hiyo lilichangia kumpotezea mtu uhai wake na kuigeuza njia ya taifa zima. Twaona yafaa kuisimulia leo, kisha turudi hapa Mwanza tuone inatuhusu nini.

Mtu mwenyewe ni Tiberius Gracchus, raia wa Roma. Wasomaji wetu wengi wamjua zaidi Julius Caesar, kwa sababu ya mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili ukapigwa chapa mwaka 1963. Lakini visu vilivyomwua Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo havikuwa mwanzo wa mambo. Mwanzo ulikuwa karibu miaka tisini nyuma yake, na ulihusu mashamba.

Tiberius hakuzaliwa katika unyonge. Baba yake alikuwa konsuli mara mbili, yaani mmoja wa wakuu wawili waliotawala Roma kwa mwaka mmoja mmoja. Mama yake, Cornelia, alikuwa binti wa Scipio, yule jemadari aliyemshinda Hannibal mwaka 202 K.K. katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Cornelia alizaa watoto kumi na wawili, wakabaki hai watatu tu: Tiberius, mdogo wake Gaius, na binti mmoja, Sempronia. Alipofiwa na mumewe, mfalme wa Misri alimposa, naye akakataa. Akakaa kuwalea wanawe, akawatafutia walimu wa Kiyunani, nao wakafundishwa kusema mbele ya watu na kufikiri juu ya haki.

Kijana huyo alikwenda vitani mapema. Mwaka 146 K.K., mji wa Carthage ulipobomolewa, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuupanda ukuta wake. Miaka tisa baadaye alikuwa Hispania, akishika hesabu za jeshi, wakati konsuli Mancinus alipozingirwa na watu wa Numantia. Jeshi la watu ishirini elfu lilikuwa karibu kuangamia. Watu wa Numantia walikubali kufanya mapatano na Tiberius peke yake, kwa kuwa walimkumbuka baba yake kuwa mtu wa kutimiza ahadi. Akafanya mapatano, maisha ya askari yakaokoka. Aliporudi Roma, Baraza la Wazee, waliloliita Seneti, liliyakana mapatano yale kuwa ni aibu, likamrudisha Mancinus kwa adui akiwa uchi na amefungwa. Tiberius alisalimika kwa sababu jamaa za wale askari walisimama upande wake. Hapo alijifunza mambo mawili: kwamba wakubwa waweza kuivunja ahadi iliyowekwa kwa jina lao, na kwamba watu wadogo hawamsahau aliyewaokoa.

Ndugu yake Gaius aliandika baadaye kwamba ni katika safari hiyo ya Hispania ndipo macho ya Tiberius yalipofunguka. Alipita Etruria, upande wa kaskazini wa Roma, akaona nchi isiyo na wakulima wake. Waliokuwa wakilima na kuchunga humo walikuwa watumwa walioletwa kutoka nchi za ng'ambo.

Yafaa tueleze jinsi hali hiyo ilivyotokea. Roma ilipowashinda majirani zake katika Italia, ilitwaa sehemu ya ardhi yao ikaifanya kuwa ardhi ya umma. Mtu aliruhusiwa kuitumia kwa kulipa kodi, lakini mwenye mali alikuwa serikali kwa niaba ya raia wote. Ilikuwako sheria iliyomkataza mtu kushika zaidi ya jugera 500 za ardhi hiyo, yaani kama ekari 310 za siku hizi. Matajiri waliipuuza. Wengine walijificha nyuma ya majina ya watu wengine, wengine hawakujificha kabisa. Miaka ikapita, wakajenga nyumba humo, wakazika wazee wao humo, wakawapa binti zao mashamba hayo kuwa mahari, hata wakasahau, au wakajifanya kusahau, kwamba ile haikuwa mali yao.

Wakati huohuo mkulima mdogo alikuwa vitani. Sheria ya Roma ilimtaka askari awe mtu mwenye mali kidogo, na kwa wengi mali ilikuwa shamba. Vita vilipokuwa karibu na nyumbani, mtu alikwenda akarudi kabla ya mavuno. Vilipofika Hispania na Afrika, alikaa huko miaka, na mkewe na watoto wakashindwa kulishika jembe peke yao. Deni likaja, shamba likauzwa au likanyang'anywa. Vita vilevile vilivyomwondoa mkulima shambani vilileta mateka kwa maelfu, wakauzwa kwa bei ndogo kwa tajiri aliyelitwaa shamba lake. Mtumwa hakuitwa jeshini, basi tajiri alipata mtu wa kulima mwaka mzima. Hivyo askari aliyeishinda dunia alirudi akakuta hana mahali pa kulala, akaenda mjini Roma kutafuta kibarua. Na kwa kuwa asiye na mali hakuandikwa jeshini, taifa nalo likaanza kukosa askari. Katika kisiwa cha Sicilia, watumwa waliokuwa wamejazwa mashambani waliasi, na vita vyao viliendelea hata mwaka 132 K.K.

Mwaka 133 K.K. Tiberius alichaguliwa kuwa tribuni. Watribuni walikuwa kumi, waliochaguliwa na makabwela kila mwaka ili kuwalinda na uonevu wa wakubwa. Mwili wa tribuni ulikuwa mtakatifu, mtu asiweze kumgusa. Na neno la tribuni mmoja lilitosha kuzuia jambo lolote la serikali.

Sheria aliyoileta haikuwa ya kunyang'anya. Aliifufua ile ya jugera 500, akaongeza kwamba mtu mwenye watoto apewe nafasi zaidi kwa ajili yao. Ardhi iliyozidi irudi kwa umma, igawiwe kwa raia maskini kwa vipande, nao wasiruhusiwe kuviuza, ili tajiri asije akavinunua tena kesho. Watu watatu wasimamie upimaji na ugawaji. Wala hakuwa peke yake: mkwewe Appius Claudius, mzee mkubwa wa Seneti, na Mucius Scaevola, konsuli wa mwaka ule na bingwa wa sheria, walimsaidia kuitunga. Wakulima walipopata habari walimiminika mjini kutoka mashambani.

Matajiri hawakuweza kuishinda sheria hiyo kwa kura, basi wakamtafuta tribuni mwingine, Marcus Octavius, rafiki wa Tiberius, ambaye mwenyewe alishika ardhi nyingi ya umma. Octavius akasema neno la kuzuia. Tiberius akamsihi, akaahidi kumlipa hasara yake kwa fedha za mfukoni mwake. Octavius akakataa. Tiberius akaifunga hazina ya serikali kwa mhuri wake, kazi za utawala zikasimama. Octavius akakataa tena.

Ndipo Tiberius alipofanya jambo lisilopata kufanywa. Aliwaomba watu wapige kura kumwondoa Octavius katika kiti chake. Raia waligawanywa katika mafungu 35 ya kupigia kura, na kila fungu lilikuwa na sauti moja. Mafungu kumi na saba yalipokwisha kupiga kura dhidi ya Octavius, likabaki moja tu ili wingi utimie, Tiberius alisimamisha kura. Akamkumbatia mwenzake mbele ya watu, akamwomba asijiletee aibu hiyo wala asimlazimishe yeye kuileta. Yasemekana machozi yalimlengalenga Octavius, akanyamaza muda mrefu. Kisha akawatazama matajiri waliosimama pamoja, akaona haya, akamwambia Tiberius afanye apendalo. Fungu la kumi na nane likapiga kura. Sheria ikapita.

Sisi hatusiti kusema kwamba hapo Tiberius alikosea, ijapokuwa shabaha yake ilikuwa njema. Kiti cha tribuni kilikuwa ngao ya mnyonge. Aliyeonyesha kwamba ngao hiyo yaweza kuondolewa kwa kura ya siku moja aliwafundisha adui zake somo ambalo hawakulisahau. Na sheria yake, pamoja na wema wake wote, ilikuwa ya raia tu. Mtumwa aliyekuwa akilima mashamba yale hakuhesabiwa ndani yake.

Ardhi ikaanza kupimwa. Seneti, ambayo ndiyo iliyoshika fedha, ikawapa wale watu watatu posho ndogo ya dhihaka. Mwaka uleule Attalus, mfalme wa Pergamon, alikufa akiwa ameirithisha Roma ufalme wake. Tiberius alitaka fedha hizo zitumike kuwanunulia wakulima wapya vyombo vya kulimia, kwa kuwa alijua kwamba kumpa mtu ardhi bila jembe wala mbegu ni kumpa njaa mpya. Jambo hilo liliwaudhi wazee wa Seneti kupita yote, maana mali za nchi za nje tangu zamani zilikuwa mikononi mwao.

Mwaka wake ulikuwa unakwisha, na siku ambayo angevua utribuni ndiyo siku ambayo mwili wake usingekuwa mtakatifu tena. Akaomba kuchaguliwa mara ya pili mfululizo, jambo lisilo la kawaida. Na hapa ndipo tunapofika kwenye lile tulilolianza. Ulikuwa wakati wa mavuno. Wakulima wale waliomiminika mjini kuipigia kura sheria ya ardhi walikuwa mashambani wakikata ngano. Tiberius akatuma watu kuwaita, lakini wengi hawakuja. Hatuwezi kuwalaumu sana. Mkulima asiyevuna kwa wakati hana chakula. Lakini hapakuwa na chama kilichowaunganisha, hapakuwa na kamati ya kijiji, hapakuwa na mtu aliyebaki mjini kwa niaba yao. Kilichokuwako ni mtu mmoja, nao walidhani kwamba kura waliyoipiga mara moja ilikuwa imemaliza kazi. Tiberius akabaki akiwabembeleza watu wa mjini, ambao ardhi haikuwaunguza moyoni kama ilivyowaunguza wale.

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika penye kilima cha Capitolium. Fujo ikaanza. Sauti yake isiposikika kwa makelele, Tiberius aligusa kichwa chake kuonyesha kwamba uhai wake uko hatarini. Watu wakakimbia kwenye Seneti wakisema kwamba anadai taji la ufalme. Konsuli Scaevola akakataa kumwua raia yeyote bila hukumu. Basi binamu yake Tiberius, Scipio Nasica, mkuu wa makuhani, akawaongoza wazee wenyewe. Wakavunja viti na mabenchi, wakashika miguu yake kama marungu. Umati ukawapisha, maana watu walizoea kuwaheshimu. Tiberius alianguka akipigwa, na pamoja naye watu zaidi ya mia tatu, wote kwa magongo na mawe. Hakuwa ametimiza umri wa miaka thelathini. Ndugu yake aliomba maiti amzike, akanyimwa. Usiku wakazitupa maiti zote katika mto Tiber.

Wazee wale walidhani wamerudisha amani. Kwa kweli walikuwa wamewafundisha Warumi kwamba ugomvi wa siasa waweza kukatwa kwa rungu. Gaius, mdogo wake, akawa tribuni mwaka 123 K.K. akiwa na mipango mikubwa zaidi. Mwaka 121 K.K. naye akauawa, na watu kama elfu tatu wa upande wake wakaangamia. Mwaka 88 K.K. jemadari Sulla akauvamia mji wake mwenyewe kwa jeshi la Roma. Wakaja akina Caesar, na mwisho akaja Augustus, akashika yote mkononi mwake. Makabwela wakapewa nafaka na michezo, na kura yao ikawa kivuli.

Na ile sheria? Haikufa siku ile. Seneti iliogopa kuifuta, na upimaji ukaendelea miaka kadhaa. Hata leo yako mawe ya mipaka yaliyofukuliwa katika Italia yenye majina ya wale watu watatu wa kugawa ardhi. Lakini baada ya Gaius kuuawa, lile katazo la kuuza mashamba liliondolewa. Matajiri wakaanza kununua. Na kwa sheria ya mwaka 111 K.K. sehemu kubwa ya ile ardhi ya umma ikawa mali ya watu binafsi. Waliomwua Tiberius walihitaji siku moja. Waliobatilisha kazi yake walihitaji miaka kumi tu ya watu kutojali.

Sasa turudi kwenye ziwa letu. Zamani katika Jimbo la Ziwa mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, ndiye aliyetamka uzito. Mkulima hakuwa na la kufanya ila kupokea alichopewa na kurudi nyumbani akinung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe kando ya mizani, wanaojua kusoma na kuandika. Chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake vikaundwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza. Mwaka 1956 wakulima wakapata jineri yao ya kwanza, huko Kasamwa katika Geita. Ilipofika mwaka 1960 karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwa vyama vyao.

Wasomaji na waangalie tofauti. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga TANU marufuku katika nchi ya Wasukuma. Lakini wakulima walikuwa tayari na mahali pa kukutania, orodha ya wanachama, karani na daftari. Kiongozi alipokuwa hayupo, mizani ilikuwapo na mtu wao amesimama kando yake. Mwaka 1958 wakulima wa Geita, walipolikataa baraza lililowekwa juu yao bila ridhaa yao, walivuka kwa wingi wakaja Mwanza kusema hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Tiberius alikuwa kidole kimoja.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Vyama vyetu navyo viliugua. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza ushirika nchini ikakuta wizi, upendeleo na hesabu zisizofungwa. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Yaliyojengwa na wakulima kwa miaka mingi yaliondolewa kwa amri, na waliosimama kuyatetea walikuwa wachache. Tujiulize kwa nini. Jibu letu ni kwamba mwanachama alikuwa amekwisha kuacha kuja mkutanoni. Alikiona chama kuwa cha karani na mwenyekiti, na mtu hapiganii kitu asichokiona kuwa chake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, iliyowekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Maneno hayo ni mazuri. Warumi nao walikuwa na maneno mazuri, na sheria ya jugera 500 ilikuwa imeandikwa muda mrefu kabla Tiberius hajazaliwa. Ardhi ya umma huponyoka pale kijiji kisipojua mipaka yake, pale mkutano wa kijiji usipofikiwa na watu wa kutosha, na pale jina la mtu mmoja linapofichwa nyuma ya majina kumi.

Basi mkulima wa pamba na avune, maana kuvuna ni lazima. Lakini kabla ya msimu kuanza, kila chama cha msingi na kichague watu watakaosimama penye mizani na watakaosikiliza mashauri wakati wenzao wako shambani, na msimu ukiisha watu hao waletwe mbele ya mkutano watoe hesabu. Wafanyakazi wa mjini, ambao wengi wao ni watoto wa wakulima hao, wasione mambo ya ardhi na ushirika kuwa ni ya watu wa vijijini peke yao. Watu wa mjini Roma waliona hivyo, na wao ndio waliowapisha wenye marungu.